Yeye wa Bi Turan

Pale chuoni kwetu Kerman mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wanaoweza kuoana, hawakuruhusiwa kukaa chumbani peke yao. Hata mmoja akiwa mwalimu na mwingine mwanafunzi, hata mlango ukiwa wazi na watu wanapita nje, lazima awepo mtu wa tatu. Siku ile mtu wa tatu nilikuwa mimi, na mpaka leo natamani angeitwa mwingine, hata mwenzangu Zhaleh na mdomo wake usio na breki.

Bi Turan Sanjari alitufundisha fasihi ya Kiingereza. Vyuo vilikuwa vimefunguliwa upya baada ya serikali ya mapinduzi kuvifunga ili ivisafishe, na katika usafi huo nusu ya walimu walifagiliwa, na vitabu vya maktaba vikapakiwa kwenye lori. Yeye alibaki kwa sababu hakuwa na makuu. Alivaa ushungi mweusi mpaka kwenye nyusi na alijua kunyamaza. Aliambiwa afundishe sarufi, na akipenda, hadithi za kigeni zenye mafunzo mema.

Riwaya moja aliiokoa, ikawa inaishi nyumbani kwake. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo alikuwa anatusomea aya moja ya Kiingereza, aya aliyoichagua kwa uangalifu, kisha anafunga kitabu na kutusimulia iliyobaki kwa Kiajemi chetu. Na kusimulia alijua. Hata wale waliokuja darasani kupasha miguu joto walisahau miguu yao.

Ilikuwa habari ya mke wa mfanyabiashara wa chumvi, katika mji wa baridi kando ya bahari. Ng'ambo ya mto kuna mgonjwa wa kifua ambaye watu wamemtenga. Mume akishalala, mke anatoka, anakanyaga theluji, anakwenda kukaa naye. Anamwosha uso, anamshika mkono, anarudi kabla hakujapambazuka. Asubuhi moja mume anaviona viatu vya mkewe mlangoni, vimelowa chapachapa. Hasemi neno. Anavichukua, anavianika karibu na moto, anakwenda kazini.

Katika Kiingereza mgonjwa huyo ni mwanamume, wala si kaka wala baba. Nadhani nimeeleweka. Lakini Kiajemi chetu kina yeye mmoja tu, wa kike na wa kiume, na Bi Turan alijificha humo. Alikwenda kwake. Alimwosha uso. Yeye akamwambia usirudi kesho, naye akarudi. Hakusema kamwe kwamba ni mwanamke, na hakusema kwamba ni mwanamume, kwa hiyo mtu angeweza kuapa kwamba hakudanganya. Sisi wasichana wa safu za nyuma tulijua, maana alitupitishia kile kitabu kwa zamu, kimevishwa jalada la kitabu cha mapishi. Tulikaa pale na siri yetu tukijiona wajanja kuliko dunia nzima.

Mbele yetu walikaa wavulana, na miongoni mwao Yadollah Afshari. Alitoka vitani. Mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba tu, na chuoni aliingia kwa nafasi za waliopigana, Kiingereza chake cha mtoto wa darasa la kwanza. Jina lake maana yake ni mkono wa Mungu, na Zhaleh aliwahi kufanya mzaha juu ya hilo ambao siurudii hapa. Nilicheka, hilo nalisema. Alikuwa mtu wa kunyooka mpaka anaudhi: aliwahi kurudisha mtihani kwa sababu Bi Turan alimzidishia alama kwa bahati mbaya.

Huyu Yadollah aliipokea hadithi bila kinga yoyote. Kwake yeye mgonjwa alikuwa mwanamke, basi. Mke wa mtu atamwosha nani mwingine uso? Tulipofika pale pa viatu alilia, waziwazi, akajifuta kwa mkono wa shati. Sisi nyuma tuliuma shungi zetu tusicheke kwa sauti. Wiki iliyofuata alileta boksi la kolompeh, vile vikeki vyetu vya tende, vya moto bado.

"Mama kaoka," alimwambia Bi Turan, macho yake sakafuni. "Nilimsimulia. Kasema huyo mwanamke ni mtu wa peponi."

"Jamani, hukuwa na haja ya kujisumbua," alijibu Bi Turan, na uso wake ukaiva.

Tulivila. Vilikuwa vitamu, na hilo lilizidisha ubaya.

Siku hiyo hiyo, watu wanakusanya vitabu, Yadollah aliuliza, "Mwalimu, samahani. Huyo yeye ni ndugu yake au ni rafiki tu?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Bi Turan angeweza hata kusema sijui. Badala yake alitumia ule ujanja wa walimu.

"Wewe unaonaje, Kaka Afshari?"

"Mimi naona ni rafiki. Kwa ndugu unakwenda kwa sababu ni wajibu. Kwa rafiki hakuna aliyekulazimisha."

Waliokuwa wanakusanya vitabu wakaviacha. Hata Zhaleh.

"Basi ni rafiki," alisema Bi Turan.

Ukiniuliza mimi, uongo ulianzia hapo.

Sifa za ile hadithi zilifika kwa Haji Sabeti, mkuu wa kamati ya dini chuoni. Haji akafurahi, akatangaza kwamba Jumatano Kaka Afshari atazungumza mbele ya chuo kizima juu ya kujitolea, na jinsi Mungu anavyotia nuru hata mioyo ya wasioamini. Mgeni kutoka wizarani, Tehran, angekuwepo. Bi Turan angekaa safu ya kwanza upande wa wanawake. Haji alimpongeza getini huku anautazama ukuta, kama ilivyopasa.

"Dada Sanjari, wewe tulikuwa na wasiwasi nawe," aliuambia ukuta. "Kumbe."

Bi Turan alinieleza yote hayo Jumapili, amekonda uso. Watu wa wizara ile wengi wao walisoma Ulaya kabla hawajafuga ndevu. Kama mgeni aliwahi kukisoma kitabu kile, Yadollah angekuwa kichekesho cha mji mzima pale jukwaani, na Bi Turan mwenyewe angefukuzwa kazi, kama si kufuatwa nyumbani. Lakini hicho hakikuwa kinachomtafuna zaidi.

"Nimemvisha kilemba cha ukoka," aliniambia. "Nyinyi mmekisoma kitabu kwa sababu kimekatazwa. Yule ndiye pekee aliyekipokea kwa moyo, na ndiye pekee niliyemdanganya. Leo namwambia. Wewe utakaa nasi."

Baada ya sala ya adhuhuri Yadollah aliingia chumba cha walimu, akakaa kiti cha karibu na mlango. Mimi nilikuwa kando ya jiko la mafuta ya taa, kitabu mapajani, najitia hamnazo.

"Ahsante kwa kuja, Kaka Afshari."

"Amri yako, Mwalimu. Sisi ni wadogo zako."

"Hotuba imefikia wapi?"

"Inakaribia. Pale pa viatu ndipo panaponishinda. Nikifika pale sauti inakatika."

"Kabla ya viatu, kuna jambo." Bi Turan aliisogeza gilasi yake ya chai, akairudisha pale pale. "Yule yeye. Yule mgonjwa."

"Ndiyo."

"Ni mwanamume."

Yadollah alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu asiyesikia vizuri. "Mumewe?"

"Mumewe ndiye aliyeanika viatu."

"Ah, kweli. Babake, basi."

"Hapana."

"Kakake."

Bi Turan alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nasoma mstari mmoja, naurudia, naurudia. Nilipoinua macho niliona wekundu umempanda Yadollah kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Tangu mwanzo?" aliuliza.

"Tangu mwanzo. Kwa Kiingereza liko wazi. Wana neno lao la mwanamume na neno lao la mwanamke. Huwezi kusema sentensi mbili bila kumtaja ni yupi."

"Hata wakitaka kumsitiri mtu?"

"Hata wakitaka."

"Masikini," alisema Yadollah. "Lugha haina stara."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, aliwaonea huruma Waingereza kwa dhati.

Kisha, bila kugeuka upande wangu, akauliza, "Na hawa dada? Walijua?"

Bi Turan alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Tulijua," nilisema.

"Siku ile nalia?"

"Tulijua, kaka."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari kutoka mbali. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Majibu ninayo, yamepangwa: lile lori la vitabu, walimu waliofukuzwa, nani hasa aliyetufundisha kuficha. Lau angepaza sauti ningemtapikia yote hayo. Hakupaza.

"Nina dada yangu," alisema. "Anaitwa Tayebeh. Yuko Zarand."

Hatukuelewa.

"Ana rafiki yake kule, anaumwa kifua, hana mtu. Dada aliomba aende kumuuguza, baba akakataa katakata. Mimi ndiye niliyemwombea. Nilimsimulia baba hadithi yako, Mwalimu, yote, mpaka viatu. Baba alizungusha tasbihi yake mpaka mwisho. Halafu akasema, haya, aende."

Jiko la mafuta lilikuwa linatoa moshi na hakuna aliyeinuka kulirekebisha.

"Anapiga simu kwa jirani," aliendelea Yadollah. "Ananiambia, yeye leo kala kidogo. Yeye kalala vizuri. Yeye anakusalimia. Na mimi namwambia, mwambie yeye namwombea dua."

"Kaka Afshari," alisema Bi Turan, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile ni hadithi. Dada yako ni jambo jingine kabisa. Bila shaka huyo rafiki ni msichana mwenzake."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Basi unafanya yale yale tena, Mwalimu."

Alilisema taratibu, bila utovu wa adabu, na ndiyo maana lilichoma. Akasimama, akaweka ule mkono wake kifuani, akaomba ruhusa, akatoka.

Bi Turan alibaki ameikodolea macho chai yake.

"Nilitaka kuutua mzigo, Mahrokh," alisema baadaye. "Nimemtwisha msichana nisiyemjua hata sura."

Baba yake Yadollah, Haji Ramazan muuza mazulia, sokoni walimjua wote. Binti yake mkubwa alionekana mara moja tu akizungumza na mvulana kwenye duka la vitabu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameozwa kwa mzee wa Rafsanjan aliyefiwa na mke, mwenye wajukuu. Sasa huyu mdogo amelala nyumba ya watu. Neno moja la Yadollah pale sebuleni lilitosha kummaliza. Na neno lenyewe tulimpa sisi, mchana kweupe, ili roho zetu zitakate.

Jumanne Yadollah hakuja darasani. Zhaleh alinong'ona kwamba ameonekana stendi ya mabasi ya Zarand. Wavulana walisema yuko nyumbani, ana homa. Bi Turan alifundisha sarufi saa nzima na kuikosea, akaandika ubaoni sentensi za Kiingereza, yule wa kiume hapa, yule wa kike pale, akafuta, akaandika tena. Kwa mara ya kwanza hakuna msichana wa nyuma aliyecheka.

Jumatano ukumbi ulijaa. Pazia lilitundikwa katikati, sisi huku, wao kule, na jukwaa mbele linaonekana na wote. Haji Sabeti alisoma dua, akamkaribisha mgeni, mtu mwembamba mwenye ndevu za kijivu na koti safi, akamwita Yadollah. Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba hatakuja. Alipanda ngazi. Hakuwa na karatasi.

Akaisimulia. Nasema kweli, aliisimulia vizuri kuliko Bi Turan. Mto, theluji, ule mji unaonuka chumvi. Na yeye, yeye, yeye. Safari hii nilisikia kila yeye linavyotoka kinywani mwake kwa uangalifu, kama mtu anayepita katikati ya wageni na sinia ya chai. Alipofika penye viatu sauti haikukatika hata kidogo. Wanawake upande wetu walikuwa wanalia, mama mmoja nyuma yangu kwa kwikwi. Bi Turan alikumbatia mkoba wake na kutazama magoti.

Alipomaliza, mgeni wa wizarani alisimama.

"Mungu akuzidishie, kaka yangu. Umenigusa. Nina swali moja dogo. Huyo yeye, ni nani wake?"

Labda aliuliza kwa moyo mweupe. Labda alikisoma kitabu kule London na alikuwa anamtega. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba Bi Turan aliacha kupumua, maana nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye. Yule mtu pale jukwaani alirudisha alama alizozidishiwa. Yule mtu hakuwa amewahi kusema uongo kwa kujua, na kila aliyemo ukumbini alikuwa radhi kumwapia. Angesema kweli, Bi Turan amekwisha. Na Haji Ramazan alikuwa mle mle, safu ya pili ya wanaume, na tasbihi yake.

Yadollah aliitazama safu ya pili mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Ni dada yake," alisema.

Ukumbi mzima ukamswalia Mtume kwa sauti moja, mara tatu, pazia likatikisika. Haji Sabeti alijifuta macho. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona Haji Ramazan ameinamisha kichwa, anatabasamu, mzee wa watu, kwa fahari ya mwanawe.

Tulimkuta Yadollah uani, kwenye bomba wanapotawadhia wanaume. Bi Turan alikuwa amenikokota, maana bila mtu wa tatu asingeweza hata kumshukuru.

"Kaka Afshari. Umeniokoa. Sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru, Mwalimu. Sikusema kwa ajili yako."

"Dada yako?"

"Karudi jana. Rafiki yake kapona."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alijibu. Maji yalikuwa yanamchuruzika ndevuni. "Kaja na pistachio za kule, tumekaa jikoni anazibandua, anahadithia. Yeye alisema hivi, yeye alifanya vile. Anacheka peke yake. Zamani ningecheka naye."

"Hukumuuliza?" Nilijisikia nauliza, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kukaa tu.

"Nimuulize nini, dada? Nikiuliza, nimeshamhukumu. Na akinijibu ni msichana, nitajuaje?" Alifunga bomba. "Baba hajui kitu. Wala hatajua. Hilo msiwe na wasiwasi."

Bi Turan alisema kwa sauti ndogo, "Huenda ni msichana kweli."

"Huenda. Kabla ya Jumapili nilikuwa na hakika." Alitafuta taulo begani, hakuliona, akajifuta kwa kiganja. "Tangu siku ile nasikia kila kitu kama Kiingereza, Mwalimu. Mama akisema yeye kapita hapa, mimi moyoni, mume au mke? Jirani akisema yeye anaumwa, nani huyo, wa kike au wa kiume? Sikuwa hivyo. Leo alfajiri nimemwita Mungu, nimesema ewe Yeye, nikasita."

Hakusema kwa kulaumu. Ilikuwa kama anamweleza daktari panapouma. Akaweka mkono kifuani, akaomba ruhusa, akaenda kupanga safu na wenzake.

Bi Turan alifungua mkoba, akatafuta kitu humo, akaufunga. Adhana ilikuwa imeanza na watu wanamiminika kutoka ukumbini. Walimu wenzake wanawake walimzunguka, wengine macho mekundu bado, wakamshika mikono, wakamwambia kwamba hawakujua kumbe fasihi inaweza kufanya kazi kama hiyo katika moyo wa kijana. Yeye alikuwa anawajibu ahsanteni, ahsanteni sana, uso ameuinamisha, na wao wakadhani ni unyenyekevu.